Ziwa Lililofutwa Kwenye Ramani

Mwanangu, kati ya siku zote nilizoishi katika nchi hii, iko moja ninayoikumbuka bila kupenda. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa sita. Mvua ya siku tatu ilikuwa imekatika alfajiri ile, nami nilikuwa nimesimama kando ya shamba letu nikitazama bata wawili wakiogelea juu ya maharage ya Bibi Faida.

Najua unacheka ninapokuita mwanangu. Nimekupita miaka tisa tu. Lakini mimi na mama yako tumetoka tumbo moja, na kwetu mdogo wa mama ni mama, hata kama bado anaazima viatu vyako. Mama yako ameniomba nikupe neno kabla hujaenda chuoni Duluth. Wazee wamekwisha kusema yao. Langu naliandika, kwa sababu nikisema kwa mdomo utaitikia kwa Kiingereza huku macho yako kwenye simu.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza chuo. Shahada yangu ya jiografia ilitiwa fremu na kutundikwa sebuleni kule Oakdale, mahali ambapo kila mgeni angeiona kabla ya kukaa, nami kila asubuhi niliondoka mbele yake kwenda mji wa Savage kubandika lebo kwenye maboksi ghalani. Nilikuwa mtu wa kufikiri jambo mara tano kabla ya kulitenda na mara kumi baada ya kulitenda. Wahenga wamesema akili nyingi huondoa maarifa. Methali hiyo tulifundishwa darasani katika kambi ya wakimbizi, tukiwa tumekaa chini, nikadhani inasemwa juu ya watu wengine.

Akina mama wa kanisa letu, wengi wao waliotoka Kivu wakapitia kambi ile ile ya Tanzania, walikuwa wakitafuta mahali pa kulima. Ghorofa hazina udongo. Mama Esperansi, aliyekuwa kiongozi wao, alimhudumia kikongwe mmoja wa Kizungu kule Inver Grove Heights. Siku moja wakati wa kumchana nywele, kikongwe yule akamwambia kwamba alirithi shamba katika kaunti moja ya mashambani, upande wa magharibi, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Sehemu kubwa imekodishwa kwa wakulima wa mahindi, lakini pembe mbili hazilimwi. Chagueni moja, akasema, mlime, mniletee maboga.

Pembe ya juu ilikuwa mteremko wenye mawe, karibu na miti. Pembe ya chini ilikuwa tambarare, udongo mweusi kama masizi, hauna hata kokoto. Hatukujiuliza kwa nini wakulima wa mahindi, watu wasioacha hata hatua moja ya ardhi, wameiacha pembe nzuri namna ile.

Kabla ya kuchagua, Mama Esperansi alinigeukia. "Bon, haya, sisi tuna majembe, wewe una diploma. Tutafutie habari za ile nchi."

Nikazitafuta. Ndiyo kazi pekee niliyowahi kupewa mwaka ule iliyofanana na masomo yangu, na niliifanya kana kwamba nitahojiwa na jopo la maprofesa. Kila jioni nikitoka ghalani nilifungua kompyuta nikasoma kaunti ile, ramani kwa ramani.

Nchi yenyewe, mwanangu, ukiitazama mara ya kwanza utasema haina la kusimulia. Barabara zimenyooka kama zilizopigwa kwa rula, zimeigawa ardhi katika miraba. Halafu, baada ya mwendo mrefu, barabara inakata kona ghafla bila kuwa na kilima wala mto, kisha inaendelea kunyooka tena. Ilinichukua siku mbili kuelewa. Wapima ardhi walileta miraba yao juu ya dunia iliyo duara, na miraba haikubali, kwa hiyo kila baada ya umbali fulani iliwabidi wasogee kando kidogo na kuanza upya. Dereva anayepinda hapo hajui kwamba anapinda kwa sababu ya umbo la dunia.

Kabla ya miraba palikuwa na barafu, nene kupita jengo lolote la Minneapolis. Ilipoyeyuka iliacha vilima vidogo na mashimo, na mashimo yakajaa maji. Kando ya maji hayo wakaishi Wadakota, wenyeji wa kwanza wa nchi hii, wakavua, wakawinda, wakayapa majina. Ikaja mikataba, kisha njaa, kisha vita, wakafukuzwa, na waliokuja baada yao, Wajerumani na Wanorwei, wakaandika katika barua zao kwamba wamekuta nchi tupu. Ikaja reli, na kando ya reli maghala marefu ya nafaka, na kila penye ghala mji mdogo wenye makanisa mawili matatu. Halafu wakachoka na maji. Wakachimba mifereji, wakafukia mabomba ya udongo chini ya mashamba, na maziwa yakaondoka moja baada ya jingine, yakawa mahindi. Siku hizi miji ile inapungua pia. Shule zimeunganishwa, duka limefungwa, saa ya mahakama bado inakwenda.

Katika kusoma huko ndiko nilikoona. Kwenye ramani ya kwanza ya wapimaji, pembe yetu ya chini haikuwa shamba. Ilikuwa ziwa, limechorwa kwa mistari myembamba ya kulala. Kwenye ramani iliyofuata, ziwa limefutwa, pamewekwa namba ya kiwanja tu.

Niliitazama ramani ile wiki nzima. Nikajiambia, lilikaushwa zamani, babu za watu walikuwa hawajazaliwa. Nikajiambia, lakini kama mabomba yamechakaa? Nikajiambia, wewe ni nani wa kuwaambia wanawake waliolima tangu utotoni kwamba udongo mzuri una kasoro, kwa sababu ya mchoro? Nikikosea watasema chuo kimemharibu. Wakinisikiliza wakaenda kwenye mawe, mazao yakakosa, watasema ni yule msomi. Palikuwa na dawa rahisi ya hofu hiyo, nayo ni kumuuliza mwenyeji. Jirani wa shamba lile alikuwa mzee wa Kizungu aliyepita kila mara na pikapu yake ya kijivu. Hakusimama hata siku moja. Aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, akapita. Akina mama walimwita Mzee Kidole.

Lakini kumuuliza kulikuwa na mwiko. Wewe ulitoka kambini ukiwa mdogo, hukumbuki. Pale, shamba lilikuwa la mwenyeji nje ya mpaka, na mkimbizi aliyeuliza habari za ardhi alionekana anaitamani. Watu walipigwa kwa swali. Kwa hiyo Mama Esperansi alitupa amri ndani ya gari, siku ya kwanza tu: "Tukifika, tunalima, tunasalimia, tunarudi. Asiulize mtu kitu. Tusije tukafukuzwa na huku."

Sote tukaitika. Mimi niliitika kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa maana amri ile ilinifaa.

Sasa nikuambie habari za maharage. Bibi Faida alikuwa mkubwa wetu sote, mwanamke mfupi asiyependa maneno. Alipokimbia Kivu alikuwa na maharage ya mama yake yamefungwa kwenye pindo la kitenge, ya rangi ya kahawia yenye madoa ya zambarau. Kambini aliyapanda nyuma ya nyumba kila mwaka, akala machache, akahifadhi mengine. Jinsi yalivyovuka viwanja vya ndege sitaandika hapa. Oakdale aliyaotesha kwenye ndoo barazani, lakini jua la baraza ni kidogo, na kila mwaka yalizaa haba kuliko mwaka uliotangulia. Yalibaki mkebe mmoja. Mbegu ikikaa hufa, alisema, na mwaka huo ameamua kuipanda yote, hata punje moja haibaki. Hapakuwa na mahali pengine duniani ambapo mtu angeweza kwenda kuomba maharage hayo. Kijiji yalikotoka hakina mtu.

Siku ya kuchagua pembe tulisimama wote katikati ya shamba, upepo unavuma bila kizuizi. Bibi Faida alichukua udongo mweusi, akaunusa, akaurudisha chini. Akanitazama.

"Wewe msomi, karatasi zinasemaje?"

"Zinasema udongo huu ni mzuri sana, Bibi."

Hilo lilikuwa kweli. Sikuongeza neno. Mwanangu, uongo ulio mwepesi kubeba kuliko wote ni ukweli uliokatwa nusu.

Tukapanda pembe ya chini: lenga-lenga, yaani mchicha wetu, maboga, nyanya chungu, vitunguu, na katikati kabisa, mahali pazuri kupita pote, maharage ya Bibi. Mwezi wa tano yakachipua yote. Bibi Faida aliimba siku hiyo, na sikuwahi kumsikia akiimba nje ya kanisa. Mzee Kidole akapita, akapunguza mwendo, akatutazama kwa muda mrefu kuliko kawaida, akainua kidole, akaenda. Mama Esperansi akasema, "Leo ametusifu."

Ndipo ikaja mvua ya siku tatu.

Tulipofika Jumamosi ile, ziwa lilikuwa limerudi. Halikuwa dimbwi. Lilikuwa na ukingo uliopinda vilevile kama lilivyochorwa na wapimaji. Nililitambua umbo lake kama unavyomtambua mtu uliyemwona kwenye picha tu. Vilele vya lenga-lenga vilichungulia juu ya maji. Bata wawili walikuwa wakizunguka.

Mama mmoja akaanza kulia. Mama Esperansi akavuta pumzi, akasema taratibu, "Tulipanda maharage, tumevuna bata." Wengine wakacheka kidogo, kile kicheko cha watu waliokwisha kupoteza mengi na wanajua namna ya kupoteza tena.

Bibi Faida hakucheka. Alivua viatu, akapandisha kitenge, akaingia majini hadi magotini, akitafuta mistari yake kwa nyayo. Akasimama pale, mgongo umetuelekea.

Sijui ni nini kilinifungua mdomo. Pengine ni kwamba nilikuwa nimelibeba jambo lile mwezi mzima, na mzigo wa siri haugawanyiki. Nikasema, "Bibi, nilijua. Niliona kwenye ramani ya zamani. Hapa palikuwa ziwa."

Akageuka. Nikasikia maji yakimtiririka.

"Ulijua lini?"

"Kabla hatujachagua."

"Na ukanyamaza."

"Sikuwa na hakika, Bibi. Nilisema moyoni, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi."

Hakupaza sauti. Laiti angepaza.

"Methali hiyo ni ya mtu anayemlinda mwenzake na maneno mabaya," akasema. "Wewe ulijilinda mwenyewe. Ulidhani nakuuliza ili nikupime. Mimi nilikuuliza kwa sababu sijui. Ungeniambia, Bibi, nimeona ziwa lakini sina hakika, ningepanda nusu chini na nusu juu. Kutokuwa na hakika kwako kulikuwa ni mali yangu, ukaninyima."

Nilitaka ardhi inimeze, lakini ilikuwa chini ya maji.

"Sasa toka hapo," akaendelea. "Nenda kwa yule mzee ukamuulize maji haya yanatokea wapi."

Mama Esperansi akafungua mdomo. Bibi akamwinulia mkono. "Kambi tuliiacha, Mama Esperansi. Kama atatufukuza, atatufukuza kwenye maji."

Nyumba ya Mzee Kidole ilikuwa mwendo wa dakika kumi. Njiani nilitunga sentensi zaidi ya ishirini za Kiingereza, nikazikosoa zote. Nilipogonga, mlango ulifunguka kabla sijachagua. Alikuwa mrefu, mikono imejaa madoa ya uzee, kofia kichwani ndani ya nyumba.

Nikasema, "Samahani. Shamba letu limejaa maji."

"Ndiyo," akasema. "Nilikuwa nikijiuliza mtakuja lini."

Akavaa buti bila haraka. Tukaondoka kwa pikapu ile ile. Njiani aliniambia, akitazama mbele, kwamba lile ni ziwa, tena lina jina, ingawa haliandikwi popote tena. Babu yake ndiye aliyesimamia kuchimbwa kwa mfereji. Mabomba yamevunjika miaka mingi, na kila mwezi wa sita wenye mvua nyingi ziwa hurudi kutazama nyumbani kwake, hukaa siku kumi, huenda. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia tulipokuwa tukipanda.

Akasema, "Shamba si langu. Na hamkuuliza. Sikutaka kuwa mtu wa kuwaambia wageni la kufanya." Kisha akaongeza: "Nilidhani labda mnapanda mpunga."

Sikujua kama ni utani. Hata leo sijui.

Tulipofika shambani, alitupeleka sote kwenye mdomo wa mfereji, nyuma ya barabara. Bomba kubwa linalopita chini ya barabara lilikuwa limezibwa na mabua ya mahindi na matope ya mwaka mzima. Akashuka na koleo lake, akina mama wakashuka na majembe yao, na kwa muda wa saa mbili hakuna aliyezungumza isipokuwa kusema vuta, ngoja, hapo. Mama Esperansi alimpa mzee chai kutoka kwenye chupa yake, chai ya maziwa yenye sukari nyingi. Akainywa, akatazama ndani ya kikombe, akaomba tena. Maji yalianza kutoka kwa mngurumo, meusi, yakibeba majani.

Alipokuwa akiondoka alionyesha pembe ya juu, ile ya mawe, kwa mkono mzima. "Kule ndiko mama yangu alikopanda maharage yake," akasema. "Mawe hushika joto, na maji hayakai."

Nilimtafsiria Bibi Faida. Aliitikia kwa kichwa mara moja. Hakuniangalia.

Ziwa lilishuka kwa siku mbili. Maharage ya bondeni yalikuwa yameoza mizizi, yakageuka manjano, yakalala. Lakini ukingoni, upande ardhi inapoinuka kidogo kiasi ambacho jicho halioni, ilibaki mistari miwili, na ya pili ilikuwa na mapengo. Kila Jumamosi nilikwenda kuipalilia mimi, bila kuagizwa, na kila Jumamosi Bibi Faida alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akinitazama nikifanya. Mwezi wa nane ndipo aliponiambia neno tena. Alisema, "Hapo umeacha gugu." Nilifurahi kuliko siku ya mahafali.

Mwaka ule hakuna aliyeonja harage hata moja. Yote yaliyokomaa yalikaushwa, na mwaka uliofuata yakapandwa kwenye mawe.

Hayo ndiyo niliyotaka ujue, mwanangu. Nimeyaandika kama yalivyokuwa, sikujipamba. Sasa sikiliza ninachokuomba.

Huko uendako utajua mambo nusunusu. Ndivyo elimu ilivyo, haimpi mtu kitu kizima. Usingoje nusu yako ijae ndipo useme. Mtu akikuuliza, mpe ulichonacho pamoja na shaka yako, na umwambie ipi ni ipi. Mficha uchi hazai. Nilichoita unyenyekevu kilikuwa hofu iliyovaa nguo za kanisani, na walioulipia ukimya wangu hawakuwa wameuagiza.

Tena, uliza wenyeji. Karatasi itakuambia palikuwa na nini; aliyekaa mahali ndiye anayejua kinachorudi. Katika nchi hii watu wengi hawatakuambia mpaka uulize. Si kwamba wanakuchukia. Wanaona adabu kukuacha, kama sisi tulivyoona adabu kunyamaza, na adabu mbili za namna hiyo zikikutana, hasara hukaa katikati. Woga tuliofundishwa na kambi ulitufaa kambini, sikulaumu kuubeba, nami ninao bado. Lakini usiuache ukuchagulie.

Na ukikosea, maana utakosea, sema siku ile ile. Mimi nilichelewa mwezi mmoja, na mwezi mmoja shambani ni mrefu.

Nenda, mwanangu. Mungu wa mama zetu akutangulie katika kila mji utakaoingia. Akupe majirani, akupe na ulimi wa kuwafikia. Akushike mkono unapogonga mlango usioujua, na akurudishe kwetu ukiwa mzima, mwenye maneno mengi ya kutuambia. Amina.